Hayati Siti binti Saad na Hofu ya Jambo Geni

Watu wengi hudhani kwamba ushujaa ni kitu cha vitani tu. Sisi twaona uko ushujaa mwingine, usiopigiwa ngoma, wa mtu ayaachaye mambo aliyoyazoea na kuyaendea asiyoyajua, hali moyo unamdunda. Katika kuutafakari ushujaa huo tumemkumbuka Hayati Siti binti Saad wa Unguja. Jina lake lajulikana sana, lakini safari yake husimuliwa kwa haraka mno, kana kwamba alizaliwa akiwa mashuhuri.

Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa. Baba yake alikuwa wa asili ya Unyamwezi, mama yake wa asili ya Uzigua, nao walimpa mtoto wao jina la Mtumwa. Jina hilo latosha kumweleza msomaji hali ya nyumba ile. Amri ya kuukomesha utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, naye alikwisha kuwa kigori. Lakini amri huvunja minyororo upesi kuliko ivunjavyo dharau. Chuoni hakupelekwa, wala shuleni. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi. Walichimba udongo, wakaukanda, wakafinyanga vyungu, wakavichoma. Kisha binti akajitwika na kushika njia ya mjini kwa miguu, akinadi bidhaa yake kwa sauti iliyosikika mbali.

Mwaka 1911 aliiacha Fumba akahamia mjini. Mwenye kuisoma habari hii leo huenda akaona ni jambo dogo, maana vijana wengi huhama kila siku. Lakini huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, asiye na mali wala elimu, akiingia katika mji uliowapima watu kwa nasaba na mavazi. Fumba alikijua kila kishimo cha udongo; mjini alijulikana kwa vyungu tu. Hatuamini kwamba alikwenda kwa kuwa hana hofu. Tunaamini alikwenda nayo, pamoja na kile kitu kimoja alichokuwa nacho, yaani sauti.

Sauti ile aliisikia Ali Muhsin, fundi wa taarabu, akamfundisha kuimba na kupiga ala. Baadaye akajiunga na mafundi wengine, miongoni mwao Subeit Ambari na Mbaruk Effandi Talsam, wakawa kundi moja. Mjini ndipo alipoitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima, na lile jina la Mtumwa likabaki nyuma.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu hofu ya jambo geni haikuwa ya Siti peke yake. Taarabu ya Unguja ilikuzwa katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na ambaye alimpeleka mtu Misri kujifunza muziki. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Nyimbo zilizotukuzwa zilikuwa za Kiarabu, na wengi waliozisikiliza hawakuzielewa maneno. Walitikisa vichwa kwa adabu. Siti alijifunza nyimbo hizo akaziimba vizuri. Kisha yeye na wenzake wakaipa nafasi ya mbele lugha ya sokoni na ya jikoni, Kiswahili, mbele ya watu waliodhani kwamba lugha hiyo haistahili kukaa pamoja na udi na fidla. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumsimanga kwa ushamba wake na kwa kaniki aliyokuja nayo mjini. Alijibu kwa wimbo pia, akatanguliza akili mbele ya sura na ukoo. Sisi tuliokaa darasani miaka mingi mara nyingi hunyamaza kwa masimango madogo kuliko hayo.

Mwaka 1928 likaja jambo geni kuliko yote. Kampuni ya His Master's Voice iliwataka Siti na wenzake waende Bombay, huko Bara Hindi, wakatiwe sauti zao katika sahani za santuri. Yeye alikuwa na umri wa kama miaka arubaini na minane. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika kazi hiyo, ambaye angaliweza kumwuliza mambo yalivyo. Taarabu aliyoizoea ilikuwa ya usiku mzima, beti zikirudiwa kwa kadiri watu walivyopenda, wasikilizaji wakiinuka kutunza. Katika chumba cha mitambo hakuna anayetunza wala anayeitikia, na upande mmoja wa sahani hauchukui zaidi ya dakika tatu hivi. Ilimpasa kuukata wimbo, kuanza kwa ishara na kukoma kwa ishara, na kuimba mbele ya chombo kama aimbaye mbele ya watu asiowaona.

Akapanda meli, akaimba. Kufikia mwaka 1931 sahani zipatazo 72,000 za Siti na wenzake zilikuwa zimekwisha kuuzwa, nazo zikapigwa pwani na bara, katika majumba na katika mikahawa. Watu walisikia Kiswahili chao wenyewe kikitoka katika chombo kilichotoka ng'ambo. Tena hakikuwa Kiswahili cha mapenzi matupu. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akakimbilia bara, na mashahidi ndio wakaadhibiwa. Kuimba habari ya mahakama ya wakati ule, kwa lugha inayofahamika na kila mpita njia, ni jambo ambalo wengi waliojua kusoma na kuandika hawakuthubutu kulifanya.

Siku zake za mwisho alifikiwa na Shaaban Robert, aliyemsikiliza akihadithia maisha yake, kisha akayaandika katika kitabu. Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Kitabu kile, kilichoandikwa kwa Kiswahili safi juu ya mfinyanzi wa Fumba ambaye hakupelekwa chuoni, vijana wamekisoma shuleni.