Siri ya Mtungi: Maisha ya Johann Friedrich Böttger

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Msomaji mpendwa, leo nitakusimulia habari za kata moja iliyofungiwa ndani ili isije ikasema.

Hapo kale vyombo vya kauri vilitoka Uchina. Vilifika hata pwani yetu, na vigae vyake vimechimbuliwa kule Gedi. Wafalme wa Ulaya walivinunua kwa bei ya kuruka, lakini namna ya kuvitengeneza hawakuijua. Wachina walikuwa wameificha kwa karne nyingi.

Böttger alizaliwa mwaka wa 1682 katika mji wa Schleiz, Ujerumani. Alipokuwa kijana alijifunza kazi kwa mtengenezaji dawa mjini Berlin. Huko akaanza kujigamba eti anaweza kugeuza madini duni yakawa dhahabu. Lo! Ulimi ukaponza kichwa. Mfalme wa Prussia akamtaka, naye akachana mbuga mwaka wa 1701 hadi Saxony. Kumbe ameruka majivu akakanyaga moto! Augustus, mtawala wa Saxony, alimtia kizuizini ili amtengenezee dhahabu yeye.

Miaka ikapita na dhahabu haikuonekana. Mwaka wa 1703 alijaribu kutoroka, wakamrudisha. Baadaye aliwekwa chini ya mtaalamu aitwaye Tschirnhaus, nao wakaanza kuchoma udongo wa kila aina kwenye tanuri za moto mkali ajabu. Mnamo 1708 wakafanikiwa kupata kauri nyeupe. Tschirnhaus alifariki mwaka huohuo.

Mwaka wa 1710 kiwanda kilifunguliwa ndani ya ngome iliyo juu ya kilima mjini Meissen. Hapo siri ililindwa kwelikweli. Wageni hawakuruhusiwa kuingia ovyo. Hata mafundi waligawiwa siri vipandevipande: huyu anajua kuchanganya udongo, yule anajua ile rangi ya kung'arisha, basi. Böttger mwenyewe, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda, hakuachiliwa huru hadi 1714.

Je, kuta hizo zilifaa? Hazikufaa kitu! Mishahara ilicheleweshwa na mafundi wakanung'unika. Watu wa Vienna wakaja na ahadi nono. Mwaka wa 1717 fundi mmoja, Hunger, alikwenda zake Vienna. Mnamo 1719 akafuata Stöltzel, aliyejua kuchanganya udongo, na kiwanda cha Vienna kikatoa kauri yake. Miaka tisa tu, na siri iko nje! Huko nako malipo yakasuasua, Stöltzel akarudi Meissen mwaka wa 1720.

Böttger hakuyaona hayo ya kurudi. Alifariki Machi 1719 akiwa na umri wa miaka 37, mwili umedhoofika kwa moshi, ulevi na miaka ya kufungwa. Kiwanda cha Meissen kingali kinafanya kazi, na alama yake ni panga mbili zilizopishana.

Wenzangu, wengi wetu tunaota kufungua biashara zetu. Ukiwa na ujuzi wako wa pekee, ufiche, ndiyo, wala usimwambie kila mpita njia. Lakini siri haikai kwenye kufuli. Inakaa kichwani mwa mfanyakazi, na kila jioni kichwa hicho kinakwenda nacho nyumbani. Mlipe haki yake kwa wakati, atakulindia siri kuliko ngome yoyote.