Wilhelm Junker, Mrusi Aliyevuka Ziwa Letu

Sisi wa Rwamgasa tukitaja wageni wa kale wa Kanda ya Ziwa, Mrusi hatumkumbuki. Wilhelm Junker, mwenye asili ya Kijerumani, alizaliwa Moscow mwaka 1840. Alisomea udaktari, lakini anajulikana zaidi kwa kuchora ramani za mto Uele, Kongo, alikoishi kwa amani na Wazande. Vita vya Mahdi huko Sudan vikamfungia njia ya kurudi. Basi mwaka 1886 akashuka kusini: Uganda, Ziwa Victoria, Tabora. Kutoka hapo alifuatana hadi pwani na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Hili linatusumbua: msomi mpole aliokoka kwa njia ileile waliyopitishwa watumwa wakiwa minyororoni. Alifariki St Petersburg mwaka 1892.