Henry Royce, mekanisiani aliyeanza na gari ya okazyoni

Jina la Rolls-Royce linajulikana hata na mtu ambaye hajawahi kuona hiyo gari kwa macho yake. Ni gari ya wafalme na matajiri. Lakini watu wachache wanajua kwamba Henry Royce, fundi aliyeitengeneza, hakuanza na gari mpya. Alianza na gari iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, gari ya okazyoni. Aliifungua, akaangalia kila pyesi, akaona mahali palipokuwa na kasoro. Ile gari moja njo ilizaa zingine zote.

Tunasimulia maisha yake kwa sababu jambo hili linatugusa hapa Kisangani. Kuna ndugu zetu wanaokusanya dola kwa miaka, kisha wanazitoa zote siku moja kwa Mercedes ao Range Rover iliyozunguka Ulaya ao Dubai miaka kumi na tano. Wengine wanafurahi nayo. Wengine, nyuma ya miezi mitatu, gari inasimama uani, kuku wanalala chini yake, na mwenyewe anarudi kupanda toleka.

Mtoto wa kinu kilichoanguka

Royce alizaliwa tarehe 27 Machi 1863 katika kijiji cha Alwalton, karibu na muji wa Peterborough, Uingereza. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa na kazi ya kinu cha kusaga unga, lakini biashara ilianguka na jamaa ikahamia London. Baba alikufa mwaka 1872, Henry akiwa na miaka tisa tu.

Kuanzia hapo mtoto alijitafutia chakula mwenyewe. Aliuza magazeti njiani, kisha akapeleka telegramu nyumba kwa nyumba. Masomo ya shule aliyopata yalikuwa kidogo sana, hata kama tukiyahesabu yote pamoja.

Shangazi yake mmoja alimwonea huruma, akalipa feza ili afundishwe kazi katika karakana ya reli pale Peterborough. Sisi wa Kisangani tunaijua reli, ile ya kwenda Ubundu, kilomita kama 125, na tunajua namna fundi wa reli anavyofundishwa: kazi mbaya haifichiki, juu treni inabeba watu. Royce alikaa pale miaka mitatu hivi. Kisha feza za shangazi zikaisha, na masomo yakakatika katikati. Jioni alikuwa akijifundisha mwenyewe hesabu na mambo ya umeme.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 21, alifungua karakana ndogo katika muji wa Manchester, kwenye barabara ya Cooke Street. Yeye alitoa pauni 20 alizoweka akiba, na mwenzake Ernest Claremont akaleta pauni 50. Walianza na vitu vidogo kama kengele za umeme za kuwekwa mlangoni. Nyuma yake walitengeneza dinamo, halafu kreni za umeme za kunyanyua mizigo mizito. Kazi yao ilijulikana kwamba inadumu. Lakini karne ya 20 ilipoanza, mashini za bei ya chini zilifika kutoka Ujerumani na Marekani, na wateja wakapungua. Royce hakutaka kushusha ubora ili ashushe bei. Alianza kutafuta kitu kingine cha kutengeneza.

Gari ya Decauville

Karibu na mwaka 1903 Royce alinunua gari ya okazyoni kutoka Ufaransa, aina ya Decauville, yenye motere ya silinda mbili. Jina la Decauville lilijulikana hata Afrika kwa sababu ya reli zake ndogo zilizotumiwa mashambani na kwenye migodi. Gari zake pia hazikuwa mbaya. Kwa wakati ule zilihesabiwa kati ya gari nzuri, na mtu aliyekuwa nayo alionekana mtu wa maana.

Hapa njo kuna somo la kwanza. Royce hakuridhika na jina. Aliisikia gari inapiga kelele, inatetemeka, na umeme wake hauaminiki. Mtu mwingine angeiuza mbio mbio kwa mwenzake asiyejua. Yeye aliifungua yote. Alitafuta kila kelele inatoka wapi, na kila mtetemo unaanzia kwa pyesi gani. Kumbe hakukuta kosa moja kubwa. Alikuta makosa madogo mengi: pyesi isiyokaa sawa, waya uliowekwa ovyo, chuma kisichochongwa vizuri. Kila moja peke yake lingevumilika. Lakini yote pamoja yalimfanya mwenye gari akose usingizi.

Gari ya okazyoni iko vile hata leo. Mara nyingi haiharibiki na jambo moja kubwa. Inaanza na taa ndogo nyekundu, kisha mafuta yanayovuja kidogo, kisha joto linalopanda kwenye mlima. Muuzaji anajua kusafisha nje na kupaka rangi. Anaweza hata kurudisha nyuma namba za kilomita. Lakini motere baridi haidanganyi, mtu akiisikiliza asubuhi ikiwashwa kwa mara ya kwanza.

Royce aliamua kutengeneza gari tatu za kujaribu, za silinda mbili kama ile Decauville, lakini kila pyesi akaifikiri upya. Gari ya kwanza ilitoka karakanani tarehe 1 Aprili 1904, na yeye mwenyewe akaiendesha mpaka nyumbani kwake Knutsford. Moja ya zile tatu alipewa Claremont. Inasimuliwa kwamba Claremont, hapo mwanzo, alipanga gari ya farasi imfuate nyuma, ili ikizimika njiani afike alipokuwa anakwenda. Hata fundi mkubwa hakumaliza matatizo kwa siku moja.

Rolls na safari ndefu

Habari ya gari isiyo na kelele ilifika London kwa Charles Rolls, kijana wa ukoo wa kitajiri aliyekuwa na duka la kuuza magari kutoka inje. Wawili hao walikutana Manchester tarehe 4 Mei 1904, katika Midland Hotel. Mmoja alikuwa mtoto wa lord aliyesoma chuo kikuu cha Cambridge. Mwingine alikuwa muuza magazeti wa zamani. Rolls alipanda gari, akasikia vile inavyokwenda, akakubali kuuza kila gari ambayo Royce ataweza kutengeneza. Kampuni ya Rolls-Royce iliandikishwa mwezi wa Machi 1906. Ni mwaka ule ule reli yetu ya Ubundu ilianza kazi.

Hata hivyo kazi haikuwa laini. Gari zao za kwanza za silinda sita zilikuwa na ugonjwa wa kuvunja mti wa motere, ule unaozungushwa na pistoni. Royce hakuficha. Alisoma mtetemo wa chuma mpaka akapata dawa, na katika gari mpya ya mwaka 1906 mti ule aliufanya kuwa mnene na wenye nguvu. Hiyo njo gari iliyopewa jina la Silver Ghost.

Mwaka 1907 waliipima mbele ya watu. Iliendeshwa kati ya London na Glasgow, kwenda na kurudi, mchana na usiku, mpaka ikapita kilomita 23,000. Kwa kulinganisha, njia ya mto kutoka Kisangani mpaka Kinshasa ni kilomita kama 1,700. Ni kama kuifanya safari hiyo mara kumi na tatu na zaidi. Mwisho wa safari, wakaguzi wa klabu kubwa ya magari ya Uingereza waliifungua gari, wakapima pyesi moja moja. Pyesi kubwa zote zilikuwa bado nzima, na zile zilizochakaa zilikuwa kidogo tu.

Mnunuzi wa kwetu aangalie vile walivyofanya. Hawakuwaomba watu waamini maneno. Walitoa gari barabarani, halafu wakamwachia mtu mwingine, asiye wao, aifungue. Mbele ya kulipa, ndugu, fanya vivyo hivyo: peleka gari kwa mekanisiani wako, haiko wa muuzaji. Iendeshe mahali pabaya, haiko kwenye lami ya katikati ya muji peke yake. Angalia namba ya shasi kama inafanana na ile ya makaratasi.

Garanti nayo ipimwe kwa akili. Garanti ni ahadi, na ahadi inafaa kama yule aliyeitoa anapatikana. Karatasi iliyotiwa muhuri Dubai haitavuka barabara ya taifa namba 4, kupita Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, kuja kukutengenezea bwati ya vitesi. Garanti ya kweli hapa kwetu ni pyesi kupatikana, na fundi anayejua hiyo aina. Mtu anayenunua gari kubwa aweke pembeni feza za kuitunza, mbele hajaanza kusifu bei. Bei ya kununua inalipwa mara moja. Mafuta ya motere, mipira, sispansioni za hewa, filta za esansi chafu, hizo zinalipwa kila mwaka, na pyesi ya Mercedes haijui kama gari uliipata bei ya chini.

Fundi aliyesahau kujitunza

Kampuni nayo ilijua kwamba gari nzuri katika mikono mibaya inakufa. Kwa hiyo walifungua mafunzo ya mashoferi, wawafundishe kuendesha na kutunza. Katika vita ya kwanza ya dunia, magari ya Rolls-Royce yalitumiwa mpaka kwenye jangwa la Arabuni, na motere ya ndege ya Royce inayoitwa Eagle ilivusha ndege juu ya bahari ya Atlantiki mwaka 1919 bila kusimama.

Lakini huyu aliyetunza mashini hakujitunza mwenyewe. Alifanya kazi usiku na mchana, akasahau kula, na wafanyakazi walikuwa wanamfuata na maziwa ili anywe. Rolls alikufa katika ajali ya ndege tarehe 12 Julai 1910. Mwaka uliofuata mwili wa Royce ulianguka. Aliponea chupuchupu, na kuanzia hapo hakuweza tena kuishi kiwandani. Kwa miaka zaidi ya ishirini alifanya kazi kutoka nyumbani, wakati wa baridi Ufaransa, wakati mwingine kwenye kijiji cha West Wittering, na wachoraji walimletea michoro ili aikosoe. Ndoa yake nayo ilivunjika, na aliyemtunza mpaka mwisho alikuwa mwuguzi.

Mwaka 1930 mfalme wa Uingereza alimpa cheo kikubwa cha heshima. Yeye alipenda kujiita mekanisiani tu. Alikufa West Wittering tarehe 22 Aprili 1933, akiwa na miaka 70, na majivu yake yaliwekwa katika kanisa la Alwalton, kijiji alichozaliwa.

Leo ziko Rolls-Royce zenye miaka mia na zaidi ambazo bado zinatembea. Royce alizitengeneza vizuri, ni kweli. Lakini zinatembea kwa sababu katika ile miaka yote kulikuwa na mtu aliyebadilisha mafuta kwa siku yake, na aliyefungua motere mbele haijalia. Mwenye kununua gari ya okazyoni Kisangani hanunui jina lililo mbele ya gari. Ananunua kazi ya yule aliyeitunza kabla yake, na kuanzia siku hiyo, kazi ile inakuwa yake.