Mlima wenye watu

Ukisimama kwenye majaruba ya Madibira ukatazama upande wa Mufindi, ndiko yanakotoka maji ya Ndembera yanayonywesha mpunga wako. Ukipewa karatasi na rangi uichore nchi ile ya juu, je, utaweka watu ndani yake?

Nauliza kwa sababu ya Sam Ntiro. Alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alijifunza uchoraji Makerere kwa Margaret Trowell, kisha katika shule ya sanaa ya Slade, London, akarudi Makerere kufundisha. Tulipopata uhuru mwaka 1961, serikali ilimtuma tena London, sasa kama balozi wetu.

Wageni wengi walipochora Kilimanjaro walivutwa na theluji. Utaona kilele cheupe, mawingu, pengine na tembo, mwenyeji hayupo. Ntiro alichora migomba, na watu wakilima, wakivuna, wakibeba mizigo kwenye njia za vilima. Watu wenyewe ni wadogo, sura zao huzioni vizuri. Unawatambua kwa kazi yao. Mtu anaweza kuziona picha hizo kuwa za kitoto. Mimi naona ndani yake kitabu cha Mwanzo, pale Mungu anapopanda bustani na kumweka mtu ailime na kuitunza. Hata mzaburi wa 121 alipoinua macho milimani hakuwa anatafuta mandhari. Alikuwa na shida, alitaka msaada.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili: Ntiro aliishi Kampala, London na Dar es Salaam, na bado akaendelea kuchora nyumbani kwao. Hakuona haya kuwaonyesha Wazungu jembe la mama zake. Kijana wako aliyeko mjini, msomaji wangu, akiulizwa kwao ni wapi, anaitaja Madibira na majaruba yake, au anajibu Mbeya tu na kubadili mazungumzo?

Mwaka 1956 Ntiro alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. (Ndiyo, padre anaandika habari za pombe Jumapili, lakini hata Kana palikuwa na harusi.) Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York liliichukua picha hiyo mwaka 1960. Ntiro alifariki mwaka 1993. Wanaume wale wa Machame wangali safarini kwenda kwa bibi harusi.