Midgley na Gesi Iliyoitwa Salama

Majuzi nikiwa Malaba, nilimwona fundi akifungua paipu ya kiyoyozi cha gari na kuiachilia gesi ipae hewani. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba gesi hiyo ni salama. Hainuki wala haiwaki. Jibu lake lilinikumbusha Thomas Midgley.

Midgley alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka wa 1889, akahitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka wa 1911. Mwaka wa 1921, akiwa na kampuni ya General Motors, aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli, injini huacha kugonga. Sumu ya risasi ilimwugua yeye mwenyewe, lakini petroli hiyo iliendelea kuuzwa duniani hadi Algeria ilipoiacha mwaka wa 2021.

Friji za enzi hizo zilitumia gesi za hatari kama amonia. Mwaka wa 1928 Midgley na wenzake wakabuni Freon. Mwaka wa 1930, mbele ya wanakemia, aliivuta kifuani kisha akaipuliza na kuzima mshumaa.

Mwaka wa 1940 alipooza kwa polio, akajitengenezea kamba na kapi za kumwinua kitandani. Kamba hizo ndizo zilizomnyonga mwaka wa 1944. Hakujua kwamba Freon hula tabaka la ozoni. Jambo hilo lilibainishwa na Molina na Rowland mwaka wa 1974, na Mkataba wa Montreal ukafuata mwaka wa 1987.

Gesi ya R-134a iliyochukua nafasi yake katika magari haidhuru ozoni, ila hutia dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dioksidi ya uzito uo huo. Yafaa basi inyonywe kwa mashine na kuhifadhiwa katika mtungi. Fundi avae glavu na miwani, kwani ikiwa majimaji hugandisha ngozi na macho. Afanyie kazi penye upepo, maana gesi hii nzito hutuama shimoni na kufukuza hewa. Tena mbali na moto, kwani ikiungua huwa sumu.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi. Lakini najua kwamba neno salama halijakamilika mpaka tuulize: salama kwa nani, na kwa muda gani? Walimu wa Busia na Malaba, ambao wanafunzi wao wengi wataishia katika gereji za mpakani, wawafunze kuuliza hivyo mapema.