Shaaban Robert na nchi aliyoiacha katika mswada

MSOMAJI aliyekulia chini ya Mlima Longonot hahitaji kuelezwa mlima ni nini. Huuona kila asubuhi, na pengine amewahi kuupanda hadi ukingoni mwa shimo lake. Lakini akifungua Kufikirika, riwaya ya marehemu Shaaban Robert, atakuta nchi ambayo magharibi imepakana na Milima ya Jitihadi na mashariki na Bahari ya Kufaulu. Nchi hiyo haimo katika ramani yoyote.

Aliyeibuni alikuwa karani. Shaaban Robert alizaliwa mwaka wa 1909 kijijini Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaajiriwa katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni hadi 1944. Baadaye alihudumu katika ofisi nyingine, ikiwemo ya upimaji wa ardhi. Ajabu ni kwamba mtu wa ramani na daftari za ushuru ndiye aliyebuni mataifa yasiyopimika!

Kusadikika, nchi inayoelea angani, ilichapishwa mwaka wa 1951. Humo Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria. Tanganyika ilikuwa ingali chini ya Waingereza, na msomaji makini hakuhitaji kufumbuliwa fumbo hilo.

Kufikirika haikuwa na bahati hiyo. Iliandikwa katika miaka ya 1940, lakini mwandishi alifariki Juni 1962, miezi sita hivi baada ya uhuru wa Tanganyika, mswada ukiwa haujawa kitabu. Oxford University Press iliuchapisha Nairobi mwaka wa 1967. Hadithi yenyewe ni ya mfalme mwenye kila kitu ila mrithi. Waganga wa mitishamba, wa makafara na wa hirizi wanaitwa kwa zamu, nao wanashindwa mmoja baada ya mwingine, hadi zamu ya watabiri inapofika. Anayedhani kwamba hizi ni ngano za watoto na azisome tena akizingatia jinsi mfalme anavyotumia mamlaka yake juu ya roho za raia.

Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilifuata mwaka wa 1968. Utubora anaacha kazi ya ofisini Unguja, yenye mshahara mnono, akaenda kulima Busutamu. Muumba wake alishika kalamu ya serikali hadi karibu mwaka wa 1960, akabakiwa na miaka miwili tu.