Funzo la Gor Mahia: Mtu na Sifa Zake

Vijana wengi wa Kenya wanalifahamu jina la Gor Mahia kupitia kandanda. Klabu yenye jina hilo iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika. Wachache ndio wanaojiuliza iwapo nyuma ya jina hilo palikuwa na binadamu wa damu na nyama. Alikuwepo, na maisha yake yana funzo kwa kila mwalimu aliyewahi kuulizwa darasani kama kweli Yesu aliishi hapa duniani.

Gor alikuwa Mjaluo wa Kanyamwa, katika sehemu za Ndhiwa, ambazo leo zimo katika Kaunti ya Homa Bay. Babake aliitwa Ogada, na ukoo wao ni wa Ogalo. Alizaliwa katika karne ya 19, kabla ya utawala wa Mzungu kufika huko, akapata sifa kwa uganga na kwa busara ya uongozi. Waingereza walipoweka makao ya utawala wa Kavirondo Kusini mjini Kisii mwaka 1907, Gor alikuwa tayari mtu mzima mwenye watu wake. Alichagua kupatana na wageni hao, nao wakamtambua kuwa chifu. Kifo chake hukadiriwa kuwa cha takriban mwaka 1920.

Masimulizi yanamwongezea mengi. Husemwa kwamba aliweza kujigeuza mtoto, kikongwe au mnyama, na kwamba waliomjia kwa hila walirudi wameduwaa. Ndiyo maana akaitwa Mahia, yaani mtenda maajabu.

Niliwahi kusikiliza mjadala wa wanafunzi katika kisiwa cha Takawiri, jirani na Mfangano, juu ya kuwepo kwa Yesu. Upande mmoja ulidai kwamba mtu anayesimuliwa kutembea juu ya maji hawezi kuwa wa historia. Ni hadithi tupu. Upande wa pili ulijibu kwamba maadamu aliishi, basi kila kinachosimuliwa juu yake kilitendeka. Nilipowauliza kuhusu Gor, pande zote mbili zilicheka: nani asiyejua kwamba aliishi? Ilhali maajabu ya Gor nayo hayahesabiki. Pande hizo zilikuwa zimechanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni iwapo mtu fulani aliishi. La pili ni iwapo alitenda yote anayosifiwa. Jibu la moja halilazimishi jibu la jingine.

Lugha yenyewe hutusaidia kuyatenganisha. Gor ni jina. Mahia ni sifa iliyogandamana na jina hilo hata masikio yakayazoea kama kitu kimoja. Vivyo hivyo, Yesu ni jina, tena la kawaida miongoni mwa Wayahudi wa zama zake; Kristo ni cheo, neno la Kiyunani lenye maana ya mpakwa mafuta, sawa na Masihi. Kuhusu cheo, muumini na asiye muumini watabishana. Kuhusu jina, mwanahistoria ana mambo ya kupima.

Mambo hayo yapo. Paulo, katika barua yake kwa Wagalatia iliyoandikwa yapata miaka 20 baada ya kusulubiwa kwa Yesu, anaeleza kwamba alionana na Yakobo, ndugu wa Bwana. Karibu mwaka 93, Josephus, mwandishi Myahudi ambaye hakuwa Mkristo, anamtaja Yakobo huyo huyo, na kumtambulisha Yesu kama mtu aliyeitwa Kristo. Yaani analitaja jina na kukiacha cheo kwa wenye kukiamini. Karibu mwaka 116, Tacitus wa Roma anaeleza kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Wanahistoria walio wengi sana, wenye dini na wasio na dini, wanakubali kwamba aliishi, akabatizwa na Yohana, akasulubiwa. Kifo cha msalaba kilikuwa aibu. Mtu anayebuni shujaa hambunii aibu kama hiyo. Gor naye ana doa la namna hiyo: anayebuni shujaa wa maajabu hamfanyi chifu wa serikali ya kikoloni.

Mara nyingine ushahidi hukaa tusipoutazamia. Mashabiki wanaoimba K'Ogalo uwanjani wanautaja ukoo wa Gor, yaani kwa Ogalo, ijapokuwa wengi wao hawakukusudia kusoma historia.

Si kila jina hupimika kwa wepesi huo. Fumo Liyongo wa pwani ya Lamu, ambaye Muhamadi Kijuma alimtungia utenzi mwaka 1913, naye amebeba cheo, maana Fumo ni jina la watawala. Lakini wasomi hutofautiana kuhusu karne aliyoishi, kuanzia ya 9 hadi ya 17. Huko inatupasa kusema yamkini, na kuishia hapo.

Ndugu mwalimu, ukiwafundisha wanafunzi kwamba muujiza hufuta mtu, umemfuta Yesu, umemfuta Gor, na pamoja naye umeifuta historia ya Kanyamwa, kwani sehemu kubwa ya historia yetu imehifadhiwa ndani ya masimulizi ya aina hiyo. Ukiwafundisha kwamba mtu akiwepo basi kila sifa yake ni kweli, umewanyima akili ya kupima. Wafundishe kuliambua jina kutoka katika sifa zake, kisha wawaendee wazee waliorithi habari za Gor kwa wazazi wao, wakaandike majina, koo na mahali. Wazee hao wanapungua kila mwaka.